Mzigo wa Mfululizo: Ekstensheni na Gari la Umeme

Kwa fundi umeme, mzigo ni kila kinachovuta umeme: balbu, feni, pasi, pampu ya maji. Neno hili limekwisha kukaa vizuri kwenye Kiswahili cha mafundi. Wakisema laini imezidiwa mzigo, hakuna anayeuliza maana yake. Ambacho bado hatuna ni jina la kutenganisha mzigo unaopita na mzigo unaokaa, na tangu magari ya umeme yaanze kuchajiwa majumbani, tofauti hiyo imekuwa suala la moto na usalama.

Kanuni ya Taifa ya Umeme ya Marekani ina istilahi maalumu kwa mzigo ambao mkondo wake wa juu kabisa unatarajiwa kuendelea kwa saa 3 au zaidi, na kuchaji gari kumewekwa humo waziwazi. Saketi ya mzigo kama huo huongezewa uwezo kwa asilimia 25, hivyo chaja inayovuta ampea 32 hufungiwa breka ya ampea 40. Napendekeza tuuite mzigo wa mfululizo. “Mzigo endelevu” utapotosha, kwa kuwa endelevu limeshachukuliwa na masuala ya maendeleo na mazingira. “Mzigo wa kudumu” nao unaashiria kitu kisichozimwa kamwe. Mfululizo ndilo neno tunalolitumia kwa mvua iliyonyesha kutwa kucha: ilianza, itakoma, lakini katikati haipumui.

Sasa tuje kwenye ekstensheni. Birika la wati 2,000 huvuta karibu ampea 9 kwenye umeme wa volti 230. Gari linalochajiwa kwa kebo yake ndogo yenye plagi ya pini 3 mara nyingi huvuta ampea 10, yaani wati 2,300. Zinakaribiana mno, na hapo ndipo watu wanapoponzwa: ekstensheni iliyochemsha chai miaka yote, kwa nini isichaji gari? Birika huzima baada ya dakika chache na waya ukapoa. Pasi nayo hujizima na kujiwasha. Lakini betri ya kilowati-saa 40, kama ya baadhi ya Nissan Leaf, ikiwa imebaki nusu, itavuta zile ampea 10 kwa saa 9 au zaidi bila kituo.

Chukua ekstensheni ya mita 20 yenye nyaya za shaba za milimita za mraba 0.75, nyembamba kama zile zinazouzwa kwa ajili ya televisheni na redio. Umeme huenda na kurudi, kwa hiyo unapita kwenye mita 40 za shaba, zenye ukinzani wa karibu omu 0.93. Joto ni mkondo uliozidishwa kwa wenyewe, kisha kwa ukinzani. Ampea 10 zitazalisha wati 93 ndani ya waya huo usiku kucha. Nyaya za milimita za mraba 2.5 zingezalisha wati 28 tu. Waya ukiachwa umezungushwa kwenye roli, joto hilo halina pa kutokea. Ndiyo maana roli nyingi huandikwa vipimo viwili, kimoja cha waya uliokunjuliwa wote na kingine, kidogo sana, cha waya uliozungushwa. Kile cha pili ndicho cha kusoma kwanza.

Hata hivyo, mimi naogopa zaidi sehemu za kuunganisha. Kila ekstensheni huongeza plagi na soketi nyingine njiani. Soketi iliyolegea yenye ukinzani wa omu 0.2 tu hutoa wati 20 mahali padogo kuliko ncha ya kidole. Tazama plagi iliyopitia hali hiyo: plastiki iliyozunguka pini ya moto, upande wa fyuzi, huwa imegeuka kahawia, na harufu yake hukaa. Fyuzi yenyewe inaweza kubaki nzima, kwani mkondo haukuzidi. Fyuzi ya ampea 13 hulinda dhidi ya mkondo mkubwa. Haikuwekwa kuzuia kulegea kwa pini.

Hatari huongezeka kwa magari yaliyotumika Japani. Baadhi huja na kebo iliyotengenezwa kwa soketi ya Kijapani ya volti 200 na ampea 15. Ukikata plagi yake na kufunga ya ampea 13, umeipa plagi hiyo kazi iliyozidi uwezo wake kwa saa nyingi mfululizo.

Watengenezaji wengi wa magari hukataza ekstensheni kabisa, na nakubaliana nao. Siku ikibidi, iwe moja tu, ya milimita za mraba 2.5, yenye waya wa ethi, iliyokunjuliwa yote, na muungano wake uwe mbali na mvua na madimbwi. Usiunganishe ekstensheni kwa ekstensheni. Kama gari au kebo inaruhusu kupunguza mkondo, punguza: kutoka ampea 10 hadi 6, joto kwenye waya na pini hubaki asilimia 36 tu ya lile la awali. Baada ya nusu saa shika plagi zote mbili, kisha rudi tena baada ya saa moja. Ikiwa yoyote ni ya moto kiasi cha kukufanya uondoe mkono, zima.

Anayechaji nyumbani kila usiku amwombe fundi saketi ya pekee kutoka kwenye ubao wa breka hadi maegesho, yenye kifaa cha kukata umeme unapovuja. Na amtajie tangu mwanzo kuwa mzigo wake ni wa mfululizo, ili unene wa waya na breka vichaguliwe kwa hesabu ya saa 9, si ya dakika 5 za birika.