Kabla Hujalipia Waranti ya Gari la Mtumba, Sikiza Hii Historia

Wasee, leo tuongee kuhusu ile karatasi ya mwisho pale yadi. Bei mmeshapatana. Umepiga simu nyumbani, umepiga simu sacco, pesa iko. Halafu muuzaji anavuta droo na kutoa karatasi moja zaidi: ongeza kitu kidogo tu, injini na giaboksi ziwe na waranti ya mwaka mzima. Anakuambia utalala usingizi mzito. Na wewe, ukikumbuka hadithi zote za magari ya mtumba yaliyomaliza watu pesa, unaona ni akili kuongeza.

Msimamo wangu nauweka mapema: mara nyingi hiyo pesa ni afadhali ubaki nayo. Sisemi wauzaji wote ni wezi, wengi wako sawa kabisa. Lakini ukiifuata waranti kutoka ilikoanzia, zaidi ya miaka 400 nyuma, kuna kitu kinajirudia kila mahali. Maneno ya waranti huandikwa na muuzaji, na mwenye kushika kalamu hujilinda kwanza.

Twende London, mwaka wa 1603. Sonara mmoja anaitwa Chandelor anamuuzia mteja wake, Lopus, jiwe kwa pauni 100. Wakati huo hizo ni pesa ndefu sana. Anamwambia ni bezoa, lile jiwe linalotoka tumboni mwa mnyama, ambalo watu wa enzi hizo waliamini linaponya sumu. Jiwe likawa feki. Lopus anaenda mahakamani, na anapoteza. Kwa nini? Mahakama ilisema kusema tu kwamba kitu ni bezoa hakutoshi. Muuzaji alikuwa hajatamka kwamba anatoa dhamana. Kwa lugha ya leo: ulinunua mbuzi kwenye gunia, gunia ni lako na mbuzi ni wako.

Hapo ndipo neno waranti linapata nguvu yake. Kama halijatamkwa, mnunuzi ajitetee mwenyewe. Kwa miaka mingi sheria ya Uingereza ilikaa karibu na wazo hilo, mpaka biashara ikakua na majaji wakaanza kuona haiwezekani kila mnunuzi awe mtaalamu wa kila kitu. Mwaka wa 1893 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya uuzaji wa bidhaa iliyosema kuna ahadi zinazoingia kwenye mauzo hata kama hakuna mtu aliyezitamka. Kitu kifanane na maelezo yake. Kiwe na ubora wa kuuzika. Kama umemwambia muuzaji unakitaka kwa kazi fulani na unategemea ujuzi wake, kiifae hiyo kazi.

Sheria hiyo ilikuja huku na mkoloni, na bado tunaitumia. Ni Sura ya 31 ya Sheria za Kenya. Kwa hivyo kuna waranti ambayo hukuilipia na tayari unayo. Shikilia hiyo point, tutairudia.

Sasa tuvuke bahari hadi Marekani, kwa sababu waranti ya gari jinsi tunavyoijua ililelewa huko. Mei 1955, jamaa mmoja wa New Jersey, Claus Henningsen, anamnunulia mke wake Helen gari jipya, Plymouth, kama zawadi ya Siku ya Akina Mama. Siku kumi baadaye Helen yuko barabarani, anasikia mlio chini ya boneti, usukani unazunguka mikononi mwake, gari linakata kona lenyewe na kugonga ukuta. Lilikuwa limetembea maili 468 pekee, kama kilomita 750.

Waranti ilikuwepo. Siku 90 au maili 4,000, chochote kitakachotangulia. Lakini nyuma ya karatasi ya mauzo, kwa maandishi madogo, ilisema kampuni itabadilisha tu sehemu iliyoharibika, na kwamba ahadi hiyo inachukua nafasi ya ahadi nyingine zote. Yaani mama ameumia, gari ni chuma chakavu, na karatasi inasema leteni kile kipuri kiwandani tukiangalie. Na usifikiri wangeenda kwa kampuni nyingine wapate afadhali. Fomu ilikuwa ile ile kwa watengenezaji wote wakubwa.

Kesi ilifika Mahakama ya Juu ya New Jersey, na mwaka wa 1960 familia ikashinda. Majaji walisema mnunuzi wa kawaida hana nguvu ya kubishana na fomu kama hiyo, kwa hivyo kampuni haiwezi kuitumia kufuta wajibu wake. Sasa angalia vizuri kilichotokea hapo. Kilichowaokoa ni ile ahadi ya kisheria isiyolipiwa. Waranti iliyoandikwa ndiyo iliyokuwa inawazuia.

Miaka michache baadaye mambo yakageuka. Chrysler walitaka wateja, wakaja na ofa ya magari ya 1963: miaka 5 au maili 50,000 kwa injini na mfumo wa kuendesha magurudumu. Hapo waranti ikawa tangazo. Mwaka wa 1970 mwanauchumi George Akerlof akaandika kuhusu soko la magari yaliyotumika. Hoja yake kwa ufupi: muuzaji anajua gari ni zima au ni bovu, mnunuzi hajui, kwa hivyo mnunuzi anaogopa na kutoa bei ya chini kwa magari yote. Mwenye gari zuri anaona hapati haki yake, anajitoa sokoni, na mabovu ndiyo yanabaki. Makala hiyo ilikataliwa na majarida matatu kabla ya kuchapishwa. Mwaka wa 2001 ilimsaidia kupata tuzo ya Nobel. Mimi niliacha kampasi, lakini hiyo moja nimeisoma, na nikipita yadi za Ngong Road naiona ikitembea.

Akerlof alitaja dhamana kama njia moja ya kutibu hofu hiyo. Na ni kweli, muuzaji akikupa waranti bure, anaweka pesa yake mahali mdomo wake uko. Anakuambia anajua gari ni zima, na likiharibika yeye ndiye ataumia. Lakini akikuuzia waranti, wewe ndiye unaweka pesa. Ishara inapotea. Sheria ya Marekani ya 1975, Magnuson-Moss, ilitenganisha hivi vitu viwili: waranti inayokuja na bidhaa, na mkataba wa huduma unaoulipia kando. Kuanzia 1985 wauzaji wa magari yaliyotumika huko wakalazimishwa kubandika fomu dirishani, inayosema wazi kama gari lina waranti au linauzwa hivyo lilivyo.

Mikataba ya kando ikawa biashara kubwa yenyewe. Kampuni moja ya Missouri, US Fidelis, iliuza waranti za ziada kwa simu na matangazo mpaka ikafilisika mwaka wa 2010, na ndugu wawili waliokuwa wenye kampuni wakaishia kukiri makosa mahakamani. Mwaka wa 2023 mamlaka ya mawasiliano ya Marekani ilitoza genge lingine faini ya karibu dola milioni 300. Walikuwa wamepiga zaidi ya simu bilioni 5 za kurekodiwa ndani ya miezi mitatu ya 2021, nyingi zikiwa na wimbo ule ule: waranti ya gari lako inaisha. Na hata kwa waliouziwa halali, hesabu haikuwa tamu. Consumer Reports waliuliza wenye magari mwaka wa 2013, na asilimia 55 ya walionunua waranti ya ziada hawakuwahi kuitumia kwa matengenezo yoyote.

Sasa turudi nyumbani. Gari lako la kwanza huenda linatoka Japani, na kisheria lisizidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Huko kwao, Toyota mpya kwa kawaida hupewa waranti ya miaka 3 au kilomita 60,000, na miaka 5 au kilomita 100,000 kwa sehemu kubwa kama injini. Fanya hesabu. Gari la miaka 7 likishuka meli pale Mombasa, waranti ya kiwanda ilishaisha zamani. Kwa hivyo yadi inapokwambia "tunaongezea waranti", hakuna kitu cha kuongezea. Huo ni mkataba mpya, wa yadi au wa kampuni nyingine, na nguvu yake ni nguvu ya aliyetia sahihi.

Soma sasa kinachoachwa nje. Mara nyingi ni vitu vinavyolika kwa matumizi: breki, klachi, bushi, shoki, mikanda, tairi. Sasa niambie, barabara zetu na matuta yetu huua nini kwanza? Bushi na shoki. Halafu kuna masharti: sevisi zote zifanyike kwa garage waliyoitaja, ukienda kwa makanika wako wa jua kali mara moja tu, waranti imekufa. Na kuna ile ya tatizo lililokuwepo kabla. Gari lenye miaka 7, nani atathibitisha ugonjwa ulianza lini?

Chukua mfano wa kubuni. Unaambiwa waranti ni shilingi 60,000, na haitalipa zaidi ya 100,000 kwa mwaka. Kumbe unachonunua ni kinga ya 40,000 tu juu ya pesa yako, tena kwa sehemu ambazo hazitarajiwi kuharibika haraka. Hiyo 60,000 ikikaa kwa akaunti yako, inalipa bushi, inalipa shoki, inalipa hata giaboksi ya mtumba kwa magari mengi madogo. Na isipotumika, bado ni yako. Ukiitumia kwa faida ya Uber au kulipa karo ya mdogo wako, hakuna mtu wa kukuuliza.

Kuna wakati ningesema nunua? Ndiyo. Kama gari lina mfumo wa bei kali, mfano betri ya haiburidi, mkataba unaitaja betri kwa jina, kiwango cha malipo kinatosha kuinunua, na anayelipa ni kampuni yenye ofisi unayoweza kuingia na mtu wa kuongea naye. Vitu vyote vinne. Kikikosekana kimoja, wacha.

Na ukumbuke ile waranti ya bure. Katiba ya 2010, Kifungu cha 46, inakupa haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inamchukulia mfanyabiashara kama amekuhakikishia ubora huo, hata asiposema. Haimaanishi gari kuukuu liwe jipya, na ukinunua kwa mtu binafsi anayeuza gari lake tu, kinga yako ni ndogo. Kasoro ambayo ungeiona ulipokagua pia huwezi kuilalamikia baadaye. Lakini yadi ikikuuzia gari ambalo injini inakufa wiki ya pili, hauko kama Lopus wa 1603. Madai yasiyozidi shilingi milioni 1 unaweza kupeleka Mahakama ya Madai Madogo, hata bila wakili.

Kwa hivyo siku ya kununua, beba makanika wako mwenyewe, asiyejuana na yadi, na umlipe vizuri. Omba karatasi ya mnada wa Japani na uilinganishe na namba ya chesi na kilomita zilizo kwenye dashibodi. Kila kitu muuzaji anachotamka kuhusu gari, mwambie akiandike kwenye makubaliano na atie sahihi. Kisha muulize: kama unaiamini hii injini, utanipa miezi mitatu bure? Jibu lake litakuambia mengi kuliko karatasi ya 60,000.

Na kama tayari una waranti nyumbani, itoe leo, geuza ukurasa wa nyuma, usome yale maandishi madogo. Niambie umepata nini.