Utafiti wa sheria za Jumuiya ya Afrika Mashariki

Utafiti wa sheria za Jumuiya ya Afrika Mashariki huanzia kwenye Mkataba wa Kuanzisha Jumuiya, uliotiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999 na kuanza kutumika tarehe 7 Julai 2000. Ibara ya 9 hutaja vyombo vyake, vikiwemo Mkutano wa Wakuu wa Nchi, Baraza la Mawaziri, Bunge na Mahakama. Chini ya Mkataba zipo itifaki, kama ile ya Soko la Pamoja ya 2009, kisha sheria zinazopitishwa na Bunge na kuridhiwa na wakuu wa nchi.

Kosa linalomgharimu mtafiti zaidi ni kutumia Mkataba wa awali bila marekebisho yake. Kufuatia zuio lililotolewa katika kesi ya Anyang' Nyong'o ya 2006, kuhusu uchaguzi wa wawakilishi wa Kenya katika Bunge la Jumuiya, Mkataba ulirekebishwa: Mahakama iligawanywa kuwa na divisheni ya awali na ya rufani, na mwananchi akawekewa ukomo wa miezi 2 wa kufungua shauri. Kwa hiyo hukumu husomwa sambamba na ibara ambazo hukumu hizo huzifafanua, na tarehe ya kila moja huzingatiwa.