Uelekeo Hupokewa kwa Jirani

Tunapozungumzia umoja wa usharika, mara nyingi tunadhani njia ni mbili tu: ama wote tufanane kama matofali ukutani, ama kila mtu ashike lake. Historia ya kioo cha kikokotoo, saa ya tarakimu na simu nyingi tunazoshika inatuonyesha njia nyingine.

Mwaka 1888, mjini Prague, mtaalamu wa mimea Friedrich Reinitzer alikuwa akichunguza dutu iliyotokana na kolesteroli ya karoti. Alipoipasha moto, iliyeyuka kwenye nyuzi 145.5 za Selsiasi, ikawa kimiminika chenye ukungu. Joto lilipofika nyuzi 178.5, ukungu ukatoweka. Kitu kimoja, viwango viwili vya kuyeyuka! Akamwandikia mwanafizikia Otto Lehmann wa Ujerumani, naye akaitazama kwa hadubini. Aliona kitu kinachotiririka, lakini kinachoupokea mwanga kama fuwele.

Wapo waliokataa. Mkemia Gustav Tammann alishikilia kwamba ule ukungu ni mchanganyiko tu. Baadaye ilikubalika kwamba molekuli zile ndefu, mfano wa njiti za kiberiti, huelekea upande mmoja huku kila moja ikiendelea kuteleza kando ya mwenzake. Zina utaratibu, wala hazijaganda.

Hata hivyo, zikiachwa zenyewe hujigawa makundi makundi, kila kundi na uelekeo wake. Nani aziongoze? Jibu lilikuwa la kawaida mno: kusugua. Kioo kikisuguliwa kwa upande mmoja, molekuli zinazokigusa hufuata uelekeo wa msuguo. Pierre Chatelain wa Ufaransa alilichunguza jambo hili katika miaka ya 1940. Kabla yake, mwaka 1911, Mfaransa mwingine, Charles Mauguin, alikuwa ameeleza jinsi safu za molekuli zinavyoweza kujipinda taratibu kati ya nyuso mbili, na mwanga ukazifuata.

Mwaka 1971 Martin Schadt na Wolfgang Helfrich, wakiwa Basel, Uswisi, walitangaza matumizi ya hayo yote. Vioo viwili viliwekwa ili mielekeo yake ipishane kwa nyuzi 90, na molekuli za katikati zikajipanga kama ngazi ya kuzunguka, zikiupitisha mwanga. Umeme kidogo ukitiwa, husimama, na mwanga huzuiwa. Hivyo ndivyo tarakimu zinavyoonekana. Viwandani, kioo kilipakwa tabaka jembamba la polima, kisha likasuguliwa kwa kitambaa kilichozungushwa kwenye rola.

Hapa pana jambo la kutafakari. Molekuli nyingi zilizo katikati hazikigusi kioo kamwe. Uelekeo wake zimeupokea kwa jirani, na jirani kwa jirani yake, hadi kwa zile chache zilizoguswa.

Nasi tunaishi kati ya watu ambao huenda hawatafungua Biblia wala kuingia kanisani. Uelekeo watakaoupata ni ule watakaouona kwetu: sokoni, kazini, na katika namna tunavyoongea na watoto nyumbani. Lakini hata kasoro husafiri kwa njia ileile. Mahali ambapo kitambaa hakikupita sawasawa, doa huonekana kiooni. Kwa hiyo tusiwalazimishe wenzetu wafanane nasi. Kwanza tukubali sisi wenyewe kusuguliwa na Bwana.