Metronomu: Mizani ya Wanamuziki

Mshairi wa pwani hulelewa na hesabu. Kabla hajajua kuyapamba maneno, hufunzwa kwamba kipande cha shairi letu la kawaida kina mizani nane, na kwamba mshororo uliopungukiwa hata silabi moja huchechemea masikioni mwa hadhira, wakiwemo wasiojua kusoma wala kuandika. Mwanamuziki naye ana mizani yake, ila yake ni ngumu zaidi kuishika, kwa kuwa haikai katika silabi bali katika muda, na muda ukishapita haurudi tukauhesabu upya vidoleni. Kwa sababu hiyo wanadamu walihangaika mpaka wakakipata chombo cha kuupima. Chombo hicho ni metronomu, na kisa chake kina dhuluma, sifa na ubishi usiokwisha hadi leo.

Mwanzo wake ni timazi, yaani uzito unaoning'inia na kuyumba. Galileo wa Italia alitambua kwamba timazi huchukua takriban muda ule ule kwenda na kurudi, liyumbe sana au kidogo. Kinachobadili mwendo wake ni urefu wa uzi. Mwaka 1696 Mfaransa Étienne Loulié aliutumia ujuzi huo kutengeneza kipimo cha muziki. Kilikuwa kirefu kupita kimo cha watu wengi, na hakikutoa sauti yoyote. Ilimbidi mpigaji akitazame kwa macho. Kasoro hiyo ilitokana na maumbile yenyewe. Timazi la kawaida linalopiga mara moja kwa sekunde huhitaji urefu wa karibu mita moja, na la kupiga mara 40 kwa dakika huhitaji zaidi ya mita mbili. Nani angekiweka kitu hicho juu ya piano?

Jawabu lilipatikana Amsterdam mwaka 1814. Fundi Dietrich Nikolaus Winkel aligundua kwamba ufito ukitiwa uzito pande zote mbili za mhimili, juu na chini, hata ufito mfupi huweza kuyumba polepole. Uzito wa juu ukisogezwa kileleni mwendo hupungua. Ukishushwa, mwendo huongezeka. Winkel aliupeleka uvumbuzi wake kwa wanazuoni wa Uholanzi, lakini hakujikatia hataza ya kuulinda. Waswahili tumesema: chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako. Mwaka 1815 alifika Amsterdam Johann Nepomuk Maelzel, mzaliwa wa Regensburg, bingwa wa mashine za ajabu na hodari wa biashara. Alikiona chombo, akakiongezea vipimo vya namba, akakipa jina la metronomu, akajipatia hataza Paris na London, na mwaka 1816 akaanza kukiunda kwa kuuza. Winkel alidai haki yake, na mwaka 1820 jopo la Uholanzi liliamua kwamba asili ya uvumbuzi ni yake. Hukumu hiyo haikumrudishia jina. Hadi leo herufi M.M. zinazotangulia namba ya mwendo katika nota za muziki humtaja Maelzel, na Winkel, aliyefariki mwaka 1826, anajulikana kwa wachache.

Chombo kilipata mtetezi mkubwa, Beethoven. Mwaka 1817 alitangaza namba za mwendo za simfonia zake nane za kwanza, kwa kuwa alichoshwa na wapigaji waliojiamulia wenyewe haraka na polepole. Hapo ndipo ubishi ulipozaliwa, kwani baadhi ya namba zake ni za kasi ya kutisha. Sonata yake ya piano, opus 106, inadai mapigo 138 kwa dakika, kila pigo likiwa nusu nota, na wapigaji wengi huona afadhali kupunguza. Wapo waliosema chombo chake kiliharibika, na wapo waliosema kwamba uziwi ulimpoteza. Mwaka 2020 watafiti wawili wa Hispania walipendekeza kwamba huenda alisoma namba iliyo chini ya uzito badala ya iliyo juu yake. Hata hivyo, Beethoven huyo huyo aliandika pembeni mwa wimbo wake mmoja kwamba namba aliyoiweka ni ya mwanzo tu, kwa vile hisia nazo zina mwendo wao usiotoshea ndani ya tarakimu. Sioni mgongano hapo. Mtu anayeijua thamani ya mizani ndiye anayeujua pia mpaka wake.

Chopin alikuwa na imani kama hiyo. Mwanafunzi wake Mikuli alisimulia kwamba metronomu haikukosekana kwenye piano ya mwalimu wake, ilhali Chopin alisifika kwa kuunyumbulisha mwendo. Mkono wa kushoto aliutaka ushike muda, wa kulia uimbe kwa uhuru.

Faida ya chombo kwa anayejifunza iko hapa: mpigaji hukimbia penye wepesi na husita penye ugumu, naye mwenyewe hajisikii. Metronomu ni shahidi asiyependelea. Basi aanze kwa kasi ambayo vidole havikosei, apande mapigo machache kila anapotulia, wala asipande kabla. Akishazoea, akipunguzie chombo usemi: badala ya mapigo manne katika kila mzunguko, kipige moja tu, na yale matatu ayabebe mwenyewe moyoni. Wakikutana tena kwenye pigo la kwanza, amefuzu. Lengo la zoezi ni siku moja kuweza kuachana na chombo.

Kwetu visiwani swali hili lina uzito wa pekee. Taarabu asilia ina bashrafu, ambazo zataka muda ulioshikwa barabara, na ina taksimu, ambamo mpiga kanuni au udi huzungumza bila pigo lolote la kuhesabika. Katika samai yenye mapigo kumi, mpiga dumbaki hutofautisha dum na tak, zito na jepesi, na kimya nacho huwa na mahali pake. Metronomu hulipiga kila pigo sawa na jingine. Inaujua umbali baina ya mapigo, haiujui uzito wake.

Tangu miaka ya 1990, taarabu ya kisasa iliposhamiri, mara nyingi kinanda cha umeme chenye midundo iliyotungwa tayari kimekalia kiti cha wapiga ngoma. Mwendo hautetereki, kweli. Lakini mwimbaji akilivuta neno kwa sababu limemchoma, au kwa sababu mtunzaji bado yuko njiani kumletea tuzo, mpiga ngoma humngoja, na mashine haingoji. Neno likikatizwa hivyo, kinachopotea ni shairi. Kijana wa leo anayo metronomu ndani ya simu yake, na aitumie kila siku nyumbani mpaka muda umkae mwilini. Akipanda jukwaani, aizime, amsikilize anayeimba.