Tamaa ya Camonte na Hofu ya Wakaguzi

Katika filamu ya Scarface, aliyoiongoza Howard Hawks na kutolewa Marekani mwaka 1932, pombe ikiwa bado marufuku nchini humo, Tony Camonte wa genge la Chicago anaamuru bwana wake Lovo auawe, kisha anashika cheo chake na mwanamke wake. Nje ya dirisha lake tangazo la taa lamwambia kwamba dunia ni yake. Hilo, nadhani, liliwachoma wakaguzi kuliko damu: tamaa yake ilifanana mno na bidii ya mfanyabiashara. Wakadai mwisho mwingine, Camonte ahukumiwe na kunyongwa. Ukapigwa bila mwigizaji Paul Muni. Hakimu anamkaripia mtu asiyeonyeshwa uso. Katika mwisho unaojulikana zaidi, polisi wanampiga risasi, naye anaanguka chini ya tangazo lile lile, taa zikiwaka.