Muhogo Mchungu na Kicheko cha Kiswahili

Mchezo wa kuchekesha uhusuo mapenzi na kutoelewana kwa watu wa nyumba moja hausimami bila maneno. Mke asema hili, mume asikia lile, jirani naye aongeza la tatu. Ndipo watazamaji wacheke. Kwa sababu hiyo, habari za mchezo wa namna hii katika sinema ya Tanganyika ni habari za sauti, na za nani aliyepewa ruhusa ya kusema.

Mwaka 1935 mradi uitwao Bantu Educational Kinema Experiment ulianza kazi huko Vugiri, katika milima ya Usambara, kwa msaada wa fedha za Carnegie Corporation ya Marekani. Hadi 1937 zilikwisha tengenezwa filamu 35 za mafunzo. Picha zilionyeshwa huku santuri ikilia kando yake, na maelezo yakitolewa kwa Kiswahili, kwa Kisukuma na kwa lugha nyingine. Kwa hiyo lugha isemwayo Mwamanyili ilikaribishwa mapema katika sinema. Lakini mara nyingi ilikuja kueleza, haikuja kujibizana: mtu wa kwenye picha alilima, na mwingine akamsemea.

Katika miaka ya 1950 mambo yaligeuka. Serikali ya kikoloni iliita kampuni ya Afrika Kusini, zikapigwa filamu za hadithi kwa Kiswahili. Mojawapo iliitwa Dawa ya Mapenzi, jina litoshalo kuonyesha kwamba jambo lake ni la moyo na la nyumbani. Nyingine, Muhogo Mchungu ya 1952, ilimwonyesha mshamba aliyefika mjini akadanganywa. Mwigizaji wake mkuu alikuwa Rashidi Kawawa.

Kicheko hicho kilikuwa na sumu yake, kwani kilimfanya Mwafrika wa shamba aonekane mtoto asiyeuweza mji. Hata hivyo, Januari 1962, miaka kumi tu baadaye, mwigizaji huyo alikuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika.

Je, filamu hizo zitupwe? Mwenyeji wa Usukuma aujua muhogo mchungu. Hautupi: huuloweka, huuanika, huutwanga, ukawa udaga wa kumlisha mwaka wa njaa. Filamu hizo nazo zataka kutendewa vivyo hivyo. Dharau ya mtawala itolewe. Yatakayobaki ni Kiswahili kinywani mwa Waswahili wenyewe, wakichekeshana.