Ada ya kununua vipande vya uwekezaji huhesabiwa vipi?

Mfugaji afikapo katika soko la mifugo mjini Isiolo hujua mapema kwamba bei itakayotajwa siyo atakayoitia mfukoni. Dalali ana chake, na kaunti nayo hudai ushuru. Katika hazina za uwekezaji wa pamoja, ambazo hukusanya fedha za watu wengi na kuwagawia vipande, mambo hayatofautiani sana, ila makato hujificha ndani ya asilimia.

Ada ya ununuzi hutozwa mara moja, siku fedha zinapoingizwa. Hukokotolewa kwa njia mbili, na hapo ndipo wengi huteleza. Chukua mfano wa Sh100,000 zilizotokana na mauzo ya ng'ombe, thamani halisi ya kipande ikiwa Sh100 na ada asilimia 5.

Njia ya kwanza huikata ada katika fedha zilizoletwa: Sh5,000 huondoka, Sh95,000 hubaki, na mwekezaji hupata vipande 950. Njia ya pili huiongeza ada juu ya bei, kipande kikauzwa Sh105. Sh100,000 zikigawanywa kwa 105 hutoa vipande 952.38, vyenye thamani ya Sh95,238. Ada hapo ni Sh4,762. Tofauti ya Sh238 ni ndogo, lakini asilimia iliyotajwa ilikuwa ile ile.

Linalouma zaidi ni kurejesha kilichokatwa. Sh95,000 hazirudi kuwa Sh100,000 kwa kukua asilimia 5, bali asilimia 5.26. Awekaye kwa miaka kumi huenda asihisi. Aliyepoteza mifugo katika ukame wa 2020 hadi 2023, na sasa anahifadhi fedha kwa miezi sita akingojea mvua ili anunue mitamba, aweza kuona faida yake yote imemezwa na ada.

Ndiyo maana hazina za soko la fedha, zinazopendwa sana nchini Kenya, kwa kawaida hazitozi ada ya mwanzo. Ada hiyo hukutwa zaidi katika hazina za hisa. Msimamizi wa hazina ya soko la fedha hulipwa kwa ada ya mwaka, inayokatwa kidogo kidogo kila siku kabla ya faida kutangazwa. Asilimia 2 ya Sh100,000 ni takriban Sh5.50 kwa siku. Serikali nayo hukata asilimia 15 ya riba. Kwa Waislamu, ambao ni wengi Isiolo, riba yenyewe ni swali jingine. Zipo hazina zinazofuata sharia, na hesabu ya ada humo ni ile ile.

Nchini Tanzania, Mfuko wa Umoja ulioanzishwa 2005 ulichagua kutotoza anayeingia, ukakata asilimia 1 mwekezaji anapouza vipande.

Nchini Kenya, ada zote sharti zielezwe katika waraka wa hazina, ambao huwasilishwa kwa Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Kabla ya kutia sahihi, mnunuzi amuulize wakala: asilimia hiyo ni ya fedha zinazoletwa, au ya thamani ya vipande vinavyopatikana?